Nane ya Kumi ya Nini

Jumanne asubuhi, kabla uji haujapoa, Papa Ngoie alituma habari kwamba Jumamosi hatakuja kumvua shemeji yake nguo nyeusi. Sababu ilikuwa ukubwa wa herufi.

Habari ilifika kwa sauti, kwenye simu ya Exaucée, dakika nne nzima, na moja kati ya hizo ilikuwa kikohozi.

"Exaucée, mwana ya ndugu yangu. Nimefungua kile kitu ulitutumia, page ya kilio. Nimevaa na miwani. Jina ya baba yako Florent inaonekana muzuri. Jina yako inaonekana. Nikashuka ku majina ya nyumba yangu mi, nikatafuta Baba. Nikatafuta, nikatafuta. Nikaona uchafu ku kioo, nikapangusa na kidole. Kumbe ile uchafu njo Baba yangu! Mumeandika Baba yangu kama sisimizi. Basi, Jumamosi mutafute muntu mwingine wa kutosha mama yako mu kilio."

Huyo Baba aliyeandikwa kama sisimizi alikuwa na miaka minne. Alikuwa mjukuu wa Papa Ngoie, mtoto wa Lumbala, na aliitwa Banza kwa jina la babu mkubwa, yule aliyezaa Ngoie, Florent na Léonie. Katika nyumba ile, anayepewa jina la mtu hupewa pia heshima yake. Kwa hiyo mzee wa miaka sabini na moja, mstaafu wa reli, aliamka kila siku akamwambia mtoto mwenye makamasi, "Baba, umelala muzuri?" Na Baba alijibu kama alilala muzuri, au alijibu kwamba anataka karanga.

Mama Mathilde alisikiliza sauti ile hadi mwisho akiwa kwenye mashini yake ya kushonea, mguu umesimama juu ya kanyagio. Mumewe Florent, aliyekuwa akigeuza njia za treni pale stesheni, alikufa mwaka mmoja uliopita, na mwaka huo wote Mathilde alivaa nyeusi: kitambaa kichwani, blauzi, na liputa, kitenge cha kujifunga kiunoni. Nyeusi haivuliwi na mwenyewe, wala na mtoto wake. Huvuliwa na mkubwa wa nyumba ya mume, mbele ya watu, na mkubwa alikuwa Ngoie peke yake. Mpaka siku hiyo wake wa askari wa Base, kambi ya jeshi, walio wateja wazuri kuliko wote, walimletea mashuka na mapazia tu. Nguo ya bibi arusi hawakumpa. Walisema kwa adabu, "Mama, tutakuya ukitoka mu kilio," na waliposema hivyo macho yao yalikuwa kwenye blauzi.

"Nilimufanyia nini Baba mukubwa?" Exaucée aliuliza. "Niliandika majina yote. Hakuna hata moja nilisahau."

Mathilde alimtazama kidogo, halafu akakanyaga mashini.

"Uende kwake," alisema. "Uende na kile kiordinateri chako. Muntu akikasirika juu ya kitu, unamupelekea kile kitu."

*

Exaucée alikuwa na miaka ishirini na minne na ufundi ambao hakuna mtu mtaani aliyejua jina lake. Alikaa Lubumbashi miezi mitatu kwa Tantine Léonie, shangazi yake, akajifunza kutengeneza kurasa za mtandao, akarudi Kamina na kompyuta ya mkono wa pili ambayo kitufe chake cha N kilibandikwa kwa gundi ya viatu. Aliitia umeme kwa paneli ya jua iliyokaa juu ya bati, na mawingu yakija alifunga kazi kama wauza mboga. Ukurasa wa kilio, uliobeba majina ya ukoo mzima kwa ajili ya Jumamosi, ulikuwa kazi yake ya kwanza ambayo watu wangeitazama kwa macho yao wenyewe, huko Lubumbashi, Kolwezi, hata Kinkondja kwenye ziwa, mahali ambapo Lumbala alienda kununua samaki wakavu na kupanda juu ya kichuguu ili apate réseau ya simu.

Ukurasa kama ule una sehemu mbili. Ya kwanza ina mwili: majina, nani chini ya nani. Ya pili ina nguo: rangi gani, nafasi gani, herufi za ukubwa gani. Exaucée aliweka jina la babu Banza juu kama kichwa. Chini yake akaweka orodha ya watoto wake watatu. Ndani ya kila mtoto orodha ya watoto wake, na ndani ya hao, walio na watoto, orodha nyingine. Kwenye sehemu ya nguo akaandika sheria moja, fupi, akaipenda: kila orodha, herufi zake ziwe nane ya kumi, sehemu nane katika kumi. Alitaka majina yakae chini ya kichwa kwa heshima. Basi.

Jumatano alivuka reli na kompyuta kwenye mfuko wa mchele. Papa Ngoie alikuwa chini ya upenu wa nyumba, miwani ya mkono mmoja puani. Hakumwonyesha kiti. Kiti kilikuwa kimekaliwa na Banza, ambaye miguu yake haikufika chini.

"Kwanza umusalimie Baba."

Exaucée alipiga magoti mbele ya mtoto. "Jambo, Baba."

"Uko na bombon?" Baba aliuliza, mkono wazi kwa peremende.

"Sina, Baba."

"Unaona?" Papa Ngoie alisema. "Jina unaandika kadogo, na mikono unakuya mitupu."

Mama Hulda, mke wa Ngoie, alikohoa mlangoni kikohozi cha kuficha kicheko. Alimletea msichana kigoda cha kupikia, ambacho kilimweka chini ya mtoto kwa kipimo kizuri.

Exaucée alifungua kompyuta juu ya magoti. Aliona kweli: jina la Banza lilikuwa nusu ya herufi za kawaida. Nyumba ya Florent iliishia kwenye ngazi ya pili, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa amezaa. Kwa Ngoie na Léonie tu ndiko kulikuwa na ngazi ya tatu, na huko ndiko macho yalikwama. Akaandika sheria nyingine, ya ngazi ya tatu peke yake: herufi nzima. Si nane ya kumi tena. Moja. Mtu yeyote angesema moja ni moja.

Akampa mzee aangalie kwenye simu. Jina la Banza lilikuwa limekua kidogo, likafika ukubwa wa jina la baba yake Lumbala, likasimama hapo kama mbuzi mwenye kamba.

"Nimeweka nzima, Baba mukubwa."

"Kama hii njo nzima," Papa Ngoie alisema, "nusu yake inakuwa namna gani? Rudia ku nyumba."

Alirudi. Njiani alikutana na wake wawili wa askari wakitoka Base, na mmoja aliuliza kwa sauti ya kirafiki kama ni kweli ukoo mzima unagombana juu ya herufi. Kamina ni ndogo. Exaucée alisema si kweli, na akabadili mfuko wa mchele kutoka bega hili kwenda lile.

*

Alhamisi alifanya kosa la mtu aliyechoka. Aliona kwamba nane ya kumi inapunguza, kwa hiyo akaweka namba inayoongeza. Alifuta ile ya Jumatano, akaandika: kila orodha, moja na robo. Alitazama sehemu ya juu ya ukurasa, akaona jina la Ngoie limenona vizuri, na kwa kuwa wingu lilikuwa linakuja na betri ilikuwa inakata roho, akautuma bila kushuka mpaka chini.

Saa sita simu ilianza kulia. Ya kwanza ilikuwa sauti ya Tantine Léonie kutoka Lubumbashi. Alikuwa anacheka hadi maneno yakamshinda.

"Exaucée! Ulibalisha nini bajukuu wangu? Banajaa ku kioo kama mabati! Naona jina ya kale katoto Naomie, kanazaliwa mwezi ya tatu, kananizidi miye mara moja na nusu! Mama yangu, nitakufa!"

Ya pili, ya Papa Ngoie, haikucheka.

"Exaucée. Baba, nimemuona. Eko mukubwa, namna inafaa. Niliita hata bajirani." Kikohozi. "Lakini miye njo mukubwa wa nyumba. Juu ya nini ile batoto ya Léonie, yenye bado bananyonya, bananipita?"

"Sheria ni moja kwa wote, Baba mukubwa."

"Sheria moja, na hatuko sawa? Ile si sheria, ile ni njia ya Kaniama wakati wa mvua: kila muntu anapita namna anaweza. Sikiliza muzuri. Jumamosi saa tatu nitaangalia tena. Nikiona sawa, nakuya. Nisipoona sawa, mama yako anabakia na nyeusi mpaka siku nitakufa. Na mi niko na afya."

Exaucée alizima simu, akakaa. Mathilde alikuwa anakata kitambaa cha buluu juu ya meza, blauzi kumi na moja za kwaya ya parokia. Mkasi ulisimama muda mrefu kidogo kuliko inavyotakiwa kwa kukata bega.

*

Ijumaa jua lilitoka mapema, na Exaucée alikuwa mbele yake. Aliondoa nguo zote za ukurasa, akabaki na mwili mtupu: majina yote yalikuwa sawa. Akarudisha rangi: sawa. Akarudisha nafasi: sawa. Akarudisha ile sheria yake ya kwanza, fupi, aliyoipenda: ngazi zikaanza kushuka. Aliiondoa na kuirudisha mara sita, kama mtu anayefungua na kufunga mlango akijua mwizi yuko ndani. Mwizi alimjua sasa. Jinsi alivyoiba, bado.

Saa nne machozi yalikuja, si mengi, akayafuta kwa kitambaa cha kwaya.

"Si na ile," Mathilde alisema. "Ile ni ya Mungu. Chukua ya pazia." Akasogeza kiti chake. "Nisomee ile sheria. Mu Kiswahili."

"'Kila orodha, herufi zake ziwe nane ya kumi.'"

"Nane ya kumi ya nini?"

"Ya herufi, mama."

"Herufi ya nani?"

Exaucée aliangalia kioo. "Ya... ule wa juu. Orodha inaangalia ile inaibeba, inachukua nane ya kumi yake."

"Na ile inaibeba, ilipima kwa nani?"

"Kwa ile ya juu yake tena."

Mathilde aliweka mkasi mezani. Uso wake ulifunguka, na kwa mara ya kwanza wiki ile alicheka.

"Aa! Weye ulikata nguo juu ya nguo!"

Akamsimulia. Alikuwa msichana Kabondo-Dianda, ametoka darasa la sita, anajifunza kushona. Mwalimu wake alimpa patroni, ile karatasi ya kukatia, na kitambaa cha blauzi kumi na moja za kwaya. Karatasi ilikuwa inachanika, naye alikuwa mjanja. Alikata blauzi ya kwanza juu ya karatasi. Ya pili akaikata juu ya ya kwanza. Ya tatu juu ya ya pili. Kila mara chaki ilipita nje kidogo tu, unene wa ukucha.

"Ya kwanza ilimukaa muntu muzuri. Ya kumi na moja, mwana, bantu babili bangelala ndani na nafasi ya kugeuka. Mwalimu hakunipiga. Aliivaa ile ya mwisho juu ya nguo zake zote, akatembea nayo mu soko mpaka jioni, na kila muntu akimuuliza, ananionyesha na kidole. Toka siku ile, hata nikate mia, zote mia nakata juu ya karatasi."

Exaucée alichukua chaki ya mama yake na kuandika kwenye meza. Mia. Nane ya kumi yake, themanini. Nane ya kumi ya themanini, sitini na nne. Tena: hamsini na moja. Hapo ndipo Banza alipogeuka sisimizi. Akaandika upande wa pili: mia, mia na ishirini na tano, mia hamsini na sita, mia tisini na tano. Hapo ndipo Naomie wa Lubumbashi alipogeuka bati. Na ile nzima ya Jumatano? Ilikuwa nzima ya Lumbala, ambaye naye alikuwa amekwisha kupunguzwa mara mbili. Kila kosa lilikaa mahali pake, na hakuna kilichobaki kwenye meza bila maelezo.

"Mama," alisema polepole. "Mu cours ya Lubumbashi balituonyesha kipimo kingine. Niliona kanafanana na kile cha kwanza, nikakaruka. Kenyewe hakaulizi ule wa juu. Kanaenda kupima ku kichwa ya page, ku mizizi, kila mara."

"Ku karatasi," Mathilde alisema.

"Ku karatasi."

Badiliko lenyewe lilikuwa dogo kiasi cha kukera: pale palipokuwa na em, kipimo kinachouliza wa juu, aliandika rem, kile kinachopima kwenye mizizi. Siku nne za aibu, na dawa ilikuwa herufi moja mbele ya mbili. Lakini hakutuma. Huyu hakuwa tena msichana wa Alhamisi. Alitengeneza ukurasa wa kujaribia, akaandika ukoo wa uongo, wa vyakula: Maharagi amzaa Muhogo, Muhogo amzaa Sombe, Sombe amzaa Bukari, hivyo hivyo mpaka vizazi kumi, ukoo ambao hata Abrahamu angeuonea wivu. Akashuka mpaka chini kabisa. Kizazi cha kumi, Chumvi, alisimama na herufi zile zile za Maharagi. Akaangalia kwenye kompyuta, akaangalia kwenye simu yake, akaangalia kwenye simu ya jirani yenye kioo kilichovunjika. Ndipo akabadili ukurasa wa kweli na kuutuma.

Mathilde aliomba aone. Kidole chake, chenye alama za sindano, kilishuka kutoka kwa babu Banza hadi kwa Florent, kutoka kwa Florent hadi kwa Exaucée, kikapanda tena kwa Florent, kikakaa hapo.

"Iko muzuri," alisema, na akarudi kwenye blauzi zake.

*

Jumamosi kabla ya saa tatu uwanja ulikuwa umejaa: watu wa reli, wanakwaya, majirani, wake watatu wa askari waliokuja kuona kama nyeusi itatoka. Papa Ngoie alifika na koti, Banza mabegani, Mama Hulda nyuma. Hakukaa. Hakusalimu. Alinyoosha mkono kwa Mathilde.

"Unipe kamba yako ya kupimia."

Mathilde alitoa shingoni kamba yake ya ushonaji na kumpa. Papa Ngoie alimshusha Banza, akafungua ukurasa kwenye simu yake, akaweka miwani sawa, na mbele ya watu wote akaanza kupima majina kwenye kioo. Hakuna aliyethubutu kucheka. Kioo kilipozima alikipiga kidole na kuendelea.

"Florent. Milimita tatu. Léonie, tatu. Lumbala, tatu. Kale katoto ka Lubumbashi..." Akainama. "Tatu." Akashuka. "Baba. Tatu." Alimtazama Banza. "Baba, unaonekana." Banza alikubali. Halafu mzee alipima jina lake mwenyewe, akapima tena, na watu wakaona kitu kama huzuni ndogo. "Tatu. Hata miye?"

"Hata weye, Baba mukubwa," Exaucée alisema. "Wote banapimwa ku jina ya babu, kule juu. Hakuna muntu anapimwa ku muntu."

Papa Ngoie alifikiri. Kisha akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayekubali bei.

"Huyu mutoto ni fundi," aliwaambia watu. "Mi nilimuacha ku kigoda. Ni fundi."

Angeweza kuishia hapo. Lakini kamba ilikuwa bado mkononi, na mtu mwenye kamba hupima. Aliirudisha kwa Florent, akaishusha kwa Exaucée, na katikati ya majina hayo mawili kidole chake kikasimama.

"Hapa na hapa," alisema. "Kati yake. Florent alizaa peke yake?"

Watu walicheka, kisha wakaacha. Exaucée alimgeukia Mathilde.

"Mama. Uliona?"

"Niliona Jumanne."

"Na hukusema?"

"Ulikuwa na kazi mingi," Mathilde alisema.

"Na miye?" Mama Hulda alisema kutoka nyuma. "Lumbala nilimuzaa na upepo?"

Papa Ngoie aliinua mkono. Katika nyumba yao wake hawakuandikwa. Hakuna aliyewahi kukataa. Hakuna aliyewahi kulifikiria. Na mjane akitoka kilioni, yuko huru: anaweza kurudi kwao, na hakuna wa kumuuliza.

"Mama Mathilde," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya simuni. "Leo nakutosha nyeusi. Kisha pale unaweza kurudia Kabondo-Dianda, ni haki yako. Ao tukuandike. Unataka nini?"

Mkono wa Mathilde ulikwenda shingoni kutafuta kamba, haukuikuta.

"Muniandike," alisema. "Lakini mu karatasi, Papa Ngoie. Si juu ya mugongo ya Florent."

Exaucée alikaa chini na kompyuta. Kitufe cha N hakikumhusu katika jina la mama yake, kwa bahati nzuri. Aliandika Mathilde. Hakugusa sehemu ya nguo, hakuongeza sheria yoyote. Alituma. Papa Ngoie alingoja réseau, akaona jina likishuka mahali pake, akaweka kamba.

"Tatu," alisema.

Ndipo akafungua kitambaa cheusi kichwani mwa shemeji yake, na wanakwaya wakaanza. Mke mmoja wa askari, yule wa mapazia, alisogea kabla wimbo haujafika katikati na kumnong'oneza Mathilde kuhusu mdogo wake anayeolewa mwezi ujao, kitambaa cheupe kipo tayari. Mathilde alinyoosha mkono kwa Papa Ngoie, akachukua kamba yake, akaivaa shingoni hata kabla hajaletewa liputa mpya.

"Simama muzuri," alimwambia yule mke wa askari. "Mudogo wako ana mwili kama wako?"

Na Mama Hulda akainama kwenye kioo cha kompyuta.

"Usifunge, weye fundi," alisema. "Hulda. Inaanza na H."